Kamba Zenye Tundu

Nilisikia njuga kwanza. Nilikuwa kwenye ngazi za dharura za jengo letu, karibu na ghorofa ya kumi na mbili, nimebeba kapu la nguo kwa sababu lifti zote mbili zilikuwa zimeharibika, na sauti ikashuka kutoka juu: chin, chin, kimya, chin. Nikasimama. Njuga nilizozijua mimi huvaliwa miguuni na wacheza ngoma, na hapa hapakuwa na ngoma wala kicheko. Palikuwa na hatua za mtu mzito anayeshuka kwa uangalifu, mguu mmoja baada ya mwingine, na kila hatua ilifuatwa na kengele ile ndogo. Jengo lile la Flemingdon Park, huku Kanada, lilikuwa na kelele zake nilizozizoea, za mabomba, za televisheni, za watoto wanaopiga mpira ukutani. Hii haikuwa mojawapo. Niliogopa kabla sijajua ninachokiogopa.

Kisha akatokea mama wa Kihindi wa umri wa miaka sitini na kitu, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kama cha mafundi wa barabara. Juu ya mkono wake wa kushoto, kwenye glovu nene ya ngozi, alikaa kipanga wa kahawia mwenye mabega ya rangi ya kutu. Njuga zilikuwa miguuni mwa ndege. Nilijibana ukutani.

"Pita tu, binti," akasema kwa Kiswahili. "Hali watu. Hilo kapu ndilo linalomtia wasiwasi."

Nilimuuliza amejuaje lugha yangu. Akasema alikuwa amenisikia nikiilaani lifti tangu ghorofa ya tisa, na kwamba nililaani vizuri.

Alizaliwa Tabora, akaja Kanada akiwa bi harusi, na Kiswahili chake kilibaki kama alivyoondoka nacho, cha polepole, chenye maneno niliyokuwa nimeyasikia kwa bibi yangu tu. Nilimwita Mama tangu siku ile. Ndege alimwita Bibie. Bibie hapendi kapu, Bibie hakulala vizuri, Bibie leo ana maringo. Ndege huyo alikuwa wa marehemu mumewe, aliyejifunza ufugaji wa vipanga ukubwani kutoka kwa mzee mmoja wa shambani nje ya mji. Mumewe alipofariki, watoto walimshauri amgawe ndege. Yeye akakaa chini akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni. Kwa miezi miwili Bibie alimgeuzia mgongo. Siku aliporuka kwa hiari yake na kutua kwenye mkono wake, Mama alikaa kwenye majani ya uani akalia, na ndege akaendelea kula kipande chake cha nyama kama hakuna lililotokea.

Kazi yao ilikuwa kufukuza njiwa. Wasimamizi wa majengo yetu matatu walikuwa wamechoshwa na mavi ya njiwa kwenye roshani na paa, na sumu hairuhusiwi, kwa hiyo walimpa Mama siku mbili kwa wiki. Njiwa wakiona kivuli cha kipanga mara kwa mara, wanahama. Wakati mwingine Bibie alimkamata mmoja, lakini hilo halikuwa lengo. Wakati ule mimi nilikuwa nimeachishwa kazi kiwandani, nina riwaya iliyofika nusu na marafiki wa kundi letu la kusomeana waliokuwa wakiniuliza kila mwezi imefikia wapi. Goti la Mama lilikuwa bovu. Alihitaji mtu wa kubeba sanduku la ndege na mizani ya kumpimia uzito. Nilimwomba mimi mwenyewe, palepale kwenye ngazi.

Alinifundisha kazi kwa kunisimulia vifo. Nilitarajia mambo ya fahari, macho makali, kasi, mbingu. Badala yake nilisikia habari za ndege wa rafiki yake aliyemfuata kwenzi mpaka kwenye ukuta wa kioo wa jengo jipya. Hakuonekana jeraha lolote, shingo tu ilikuwa imelegea kama soksi. Mwingine alitua juu ya nguzo ya umeme, akafungua mbawa ili asianguke, mbawa zikagusa nyaya mbili kwa pamoja. Wapo waliokufa kwa kidonda cha unyayo kilichoanza kama sugu ndogo, kwa sababu tu kijiti walichokaa kilikuwa kigumu au kichafu. Nilipocheka kusikia habari za kindi, wanyama wale wenye mikia ya manyoya ambao sisi sote tulikuwa tukiwarushia karanga, alininyooshea glovu yake akanionyesha kidole cha kati cha mguu wa Bibie. Kilikuwa kimepinda. Kindi aliyekamatwa aligeuka akauma, na meno yake yakapita mpaka upande wa pili.

"Mguu ndio mkono wake," Mama akasema. "Ndio kisu chake na sahani yake. Wewe ukiumia mguu utaagiza chakula kwa simu."

Kulikuwa na bundi wa bondeni, chini ya majengo yetu, mkubwa kiasi kwamba nilipomwona mara moja mchana amelala juu ya mti nilidhani ni mfuko mtu kautupa. Kwa ajili yake Bibie hakukaa nje baada ya jua kuanza kushuka. Na kulikuwa na baridi, ambayo Mama aliiogopa kuliko vyote. Vipanga wa aina ya Bibie asili yao ni nchi za jua, jangwani kusini huko, na damu yao haifiki vizuri kwenye ncha za mbawa baridi inapokuwa kali. Ncha hujaa maji, kisha huwa baridi, kisha hukauka nyeusi, na siku moja huanguka. Asubuhi za baridi kali Mama alizishika ncha zile mbili kati ya vidole vyake, macho kayafumba, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Zikiwa na joto tulikwenda kazini. Zikitia mashaka tulirudi ndani.

Sikujua kwamba hofu huambukizwa hivyo. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa siwezi kupanda basi la Don Mills bila kuhesabu nyaya. Kila dirisha lililoakisi mawingu lilinifanya nigeuke kutafuta ndege. Kwenye kikao chetu cha kusomeana kule North York, rafiki mmoja Mkenya alikuwa akitusomea sura yake mpya, nami nikawa natazama nyuma ya kichwa chake, kwenye kioo kikubwa kisicho na hata karatasi moja ya kuonya ndege. Alisimama katikati ya sentensi.

"Wee, siku hizi ukiona dirisha unaona matanga," akasema. "Riwaya yenyewe tumeshaizika ama bado ipo hospitali?"

Wote walicheka, nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilibandika vipande vya karatasi kwenye dirisha langu la ghorofa ya kumi na mbili, ambalo Bibie hakuwahi hata kulikaribia.

Katika hofu zote zile, moja ilikuwa mikononi mwangu kabisa. Ndege anayefugwa huvaa kwenye kila mguu ukanda mfupi wa ngozi. Akiwa nyumbani, ukanda huo una tundu mwishoni, mpasuko mdogo wenye upana wa ukucha, ambamo hupita kipete cha chuma cha kumfungia kwenye kijiti chake. Akienda kuruka, kamba hizo hutolewa na kuvikwa nyingine zisizo na tundu, ukanda mtupu unaoteleza kati ya matawi. Sababu ni rahisi, na Mama aliisema mara moja tu. Ndege akiruka na kamba zenye tundu na kutua mtini, kijiti kinaweza kupenya kwenye tundu lile. Akitaka kuondoka, mguu unabaki. Ananing'inia kichwa chini, anapiga mbawa mpaka achoke, na akichoka hana tena la kufanya.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Mimi nilibadilisha kamba kwenye stoo ya chini ambayo msimamizi wa jengo alitupa. Zenye tundu nilizitia kwenye mfuko wa kulia wa koti. Kabla ndege hajaachiwa, Mama aliniambia, "Nionyeshe," nami nikazitoa na kumnyooshea kiganja. Aliziangalia, akaitikia kwa kichwa, ndipo tulipoendelea. Hata siku alizoniona nikibadilisha kwa macho yake mwenyewe, aliniambia nimwonyeshe.

Siku ninayoieleza ilikuwa mwishoni mwa Februari, jua kali na baridi iliyokuwa karibu kabisa na mpaka wake, lakini ncha za mbawa zilikuwa na joto. Msimamizi alimwita Mama paani mapema ili amwonyeshe nyavu zilizochanika. Mama akaniachia Bibie kwenye stoo, kwenye mkono wangu, kisha akanipigia simu: nimlete juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubaki naye peke yangu. Nilitoa kipete na kamba ndefu ya kumfungia, nikawa nazishika zile fupi kati ya vidole. Stoo haikuwa na joto. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na ngozi ilikuwa ngumu kama kadi. Nilijaribu kuchomoa moja, ikakataa, nikazitia mfukoni zile za kurukia. Nikasema nitabadilisha kwenye korido ya juu, kuna joto, dakika moja tu.

Kwenye lifti aliingia mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya nane, na kikapu chake cha magurudumu kimejaa viazi, na mwanawe wa miaka kama mitano. Mtoto alijificha nyuma ya koti la mama yake. Mama mtu hakujificha.

"Dada, hii ndege iko inakula nini?" akauliza.

Nikamwambia anakula nyama, vifaranga, panya.

"Na mutoto?"

Nikamwambia mtoto hapana. Akamwambia mwanawe kwamba dada amesema akiwa mtukutu tutaona. Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba ndege ni mzuri na kwamba mama yake ndiye anayeogopa. Mama yake akanitazama kama aliyesalitiwa, na mimi nikacheka, na lifti ikasimama kwa kishindo, na kikapu kikagonga ukuta. Bibie akaruka kutoka mkononi mwangu, akaning'inia na kamba zake, mbawa zikinipiga usoni. Nilimwinua kwa kiganja kwenye kifua, kama nilivyofundishwa, mpaka akasimama tena. Mama yule alishuka ghorofani kwake akiwa ameshika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili. Mimi niliendelea juu nikimwomba Bibie msamaha kwa sauti, na nilipofika korido ya juu nilipita moja kwa moja mpaka paani.

Msimamizi alikuwa akilalamika kuhusu nyavu, na Mama alikuwa akimjibu kwa Kiingereza chake cha upole anachokitumia akikasirika. Aliniona. Akaniuliza kama niko tayari.

"Tayari," nikasema.

"Leo mwachie wewe."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Nilisahau baridi, nikasahau lifti. Nilifungua vidole na kunyoosha mkono, na Bibie akaondoka kwenye glovu bila uzito wowote, kama pumzi ikitoka. Njiwa walilipuka kutoka ukingoni. Akamchagua mmoja, wakazunguka kona ya jengo, wakashuka kuelekea bondeni, na njuga zikapotea kwenye kelele za magari.

Hatukuwa na wasiwasi. Mkiani alikuwa na kifaa kidogo cha kutoa mawimbi, na Mama alikuwa na kipokezi chake. Tulishuka kwa gari mpaka mwisho wa barabara, tukatembea kwenye theluji, na ndani ya nusu saa tukaona manyoya ya njiwa yametapakaa na damu kidogo. Njiwa alikuwa ameliwa karibu wote. Mama alicheka kwa sauti.

"Bibie kajikaribisha mwenyewe," akasema.

Kipokezi kilisema yuko karibu, lakini milio ilirudi kutoka kwenye kuta za majengo na kuta za bonde, ikawa kama anaita kutoka pande zote. Mama hakujali. Kipanga aliyeshiba haji kwa mtu. Hukaa juu ya mti, humeng'enya chakula chake. Ukimfukuza unampeleka mbali zaidi. Alisema tukae kwenye gari, tunywe chai, na saa tisa atakuwa ametamani nyumbani, atashuka mwenyewe. Aliwasha joto la gari, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akanipa kikombe.

Nilitia mkono wa kulia mfukoni ili upate moto. Vidole vikakuta kamba. Bila kufikiri, kidole gumba kikapita juu ya ngozi, kikitafuta tundu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozoea kuzitambua. Kilipita mwanzo hadi mwisho. Ngozi ilikuwa nzima.

Nilidhani nimekosea. Nikashika ya pili. Nayo ilikuwa nzima. Zilizokuwa mfukoni zilikuwa zile za kurukia. Zenye tundu zilikuwa juu ya mti, mahali fulani, miguuni mwa Bibie.

Ningependa kuandika kwamba nilisema papo hapo. Mama alikuwa akinisimulia jinsi mumewe alivyompoteza ndege huyuhuyu siku mbili na kumkuta amekaa juu ya trampolini ya kurukia watoto, uani kwa watu. Alikuwa na furaha, alikuwa amenipa kumwachia ndege. Nikawa najiambia kwamba matawi ni mengi na tundu ni dogo, kwamba pengine ametulia tu, kwamba kwa nini nimtie hofu bure. Nilisubiri ashuke mwenyewe na hakuna atakayejua. Nilikunywa chai. Nakumbuka ilikuwa na sukari nyingi na iliniunguza ulimi, nami nilikunywa hadi nikaona majani chini ya kikombe, na mkono wangu wa kulia haukutoka mfukoni.

Kisha nikaona kunguru. Walikuwa wanapita juu ya kioo cha gari, wawili, kisha wanne, wote upande mmoja. Mama aliwaona pia. Alisema wamemwona Bibie, wanamsumbua, ni kawaida yao. Sikuweza tena.

"Mama, sikubadilisha kamba."

Aligeuka. Hakupandisha sauti.

"Anazo za tundu?"

"Za tundu."

Aliweka kikombe juu ya dashibodi, kikaanguka, chai ikamwagikia karatasi zake za leseni, naye hakutazama. Alikuwa nje ya gari kabla yangu, na goti lile, bila kofia.

Tuliwafuata kunguru. Mteremko wa bonde ulikuwa na theluji mpaka magotini na barafu chini yake, na kila tulipoanguka tuliinuka tukaendelea. Nilitazama juu tu. Kila jani kavu lililobaki mtini nililiona kuwa bawa. Kunguru walikuwa wamekaa kwenye mti mmoja mwembamba ukingoni mwa mto, kimya sasa, na kimya chao ndicho kilichonitisha zaidi. Walikuwa wanangoja.

Bibie alikuwa ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, juu kidogo ya urefu wa watu watatu waliosimamiana mabegani. Mbawa zilikuwa zimefunguka zenyewe. Hakuwa anazipiga. Upepo ulimzungusha taratibu, upande huu, kisha upande ule.

Mama alijaribu kupanda, mguu ukakataa. Nilivua glovu zote mbili nikapanda mimi. Sikumbuki matawi. Nakumbuka sauti yake kutoka chini, ya polepole, ikinifundisha kama vile tuko stoo: nisimvute, nimwinue kwanza, nikimvuta mguu utatoka kwenye nyonga. Nilipofika, jicho moja la Bibie lilikuwa wazi na lilinitazama. Nilipitisha mkono chini ya kifua chake na kumwinua, na palepale mguu uliokuwa huru ukanishika. Kucha ziliingia kwenye kiganja, moja ikatokea upande wa pili karibu na kidole gumba.

"Kakushika?" Mama akauliza.

"Kanishika."

"Mwache ashike. Usimnyang'anye mkono."

Kijiti kilikuwa kimepita katikati ya tundu, sawasawa, kama uzi kwenye sindano. Nilikivunja kwa meno. Nilishuka na ndege ndani ya koti, mkono wangu bado umo kwenye mguu wake, na kifuani nilisikia moyo wake ukienda mbio, au ulikuwa wangu.

Daktari wa wanyama alisema mfupa haukuvunjika. Misuli ya paja ilikuwa imevutika, lakini mguu ungepona. Alichohofia ni mbawa. Zilikuwa zimening'inia kwenye baridi bila damu kuzunguka vizuri, na ncha ya kushoto ilikuwa imevimba, baridi kama kipande cha samaki. Tungejua baada ya wiki kadhaa. Aliuliza ilitokeaje, na Mama akamwambia kwamba tulisahau kubadilisha kamba. Alisema tulisahau. Akauliza pia ndege alikaa vile kwa muda gani, na Mama akasema hajui. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, muuguzi ananifunga bandeji, na sikusema kitu.

Nilikwenda Malvern, nyumbani kwa Mama, kila siku. Nilipanda mabasi mawili, nikavua viatu mlangoni, nikakaa kwenye chumba cha Bibie ambacho zamani kilikuwa cha mtoto wake wa mwisho, bado kina nyota za karatasi kwenye dari. Mama alimshika, mimi nikapaka dawa kwenye ncha ya bawa na kuisugua taratibu ili damu irudi. Kila siku niliigusa kwa midomo, kwa sababu vidole havikutosha kujua. Siku nyingine niliona ina joto, nikarudi nyumbani nikiimba ndani ya basi. Siku nyingine haikuwa nalo. Usingizi niliupata kwa vipande. Nilikuwa na hofu mbili, moja ya bawa, na nyingine ya swali lile la daktari, ambalo Mama hakuwa amelirudia, ingawa mara kadhaa nilimkuta ananitazama mikono.

Wiki ya nne ncha ilikauka nyeusi. Asubuhi moja nilipofika, Mama alikuwa amekaa jikoni, na mezani, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kipande kidogo kikavu chenye manyoya matatu marefu. Kilikuwa kimeanguka alfajiri. Ndege asiye na ncha ile anaweza kuruka kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Hawezi kumfuata njiwa. Hatakwenda tena paani.

Alinionyesha kiti. Nikakaa.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema wakati wa kunguru. Hakuna aliyekuwa kwenye gari ila sisi.

"Tulipokaa kwenye gari. Nilitia mkono mfukoni."

"Kabla ya chai?"

"Ulikuwa umeshanipa kikombe. Sikuwa nimeanza kunywa."

 Kutoka chumbani tulimsikia Bibie akijaribu kuruka, na kishindo kidogo cha kutua vibaya. Mama alikunja kitambaa juu ya yale manyoya, kona kwa kona.

"Kusahau si kitu," akasema. "Hata mimi siku ile sikuangalia kiganja chako. Hilo ni letu sote wawili, nitalibeba. Lakini mimi nilikuwa nacheka, nakusimulia habari za mume wangu, na wewe umekaa pembeni yangu unajua."

Nilisema niliogopa. Akasema anajua niliogopa, na kwamba kuogopa ndiyo kazi yenyewe, alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini hofu ya mfugaji ni ya kumwogopea ndege, na ile yangu ilikuwa ya kujiogopea.

"Sina kinyongo na wewe, binti. Ila sasa kila utakaponyamaza nitashtuka. Na nikishtuka, Bibie anajua."

Niliuliza kama naweza kuja angalau kumsugua bawa, lile lingine. Akatikisa kichwa, si kwa ukali. Aliniuliza jeraha la mkono linaendeleaje, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema linafunga vizuri. Kisha akasimama, nami nikaelewa kwamba nisimame.

Nilivaa viatu barazani bila kukaa, nikikosea kamba za viatu mara mbili. Alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Tuliagana kwa mkono. Nilishuka ngazi mbili kwenye theluji iliyokuwa imeanza kuyeyuka, na kabla sijafika kwenye njia ya magari nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, taratibu sana, kama alivyofunga milango yote ya nyumba ile, ili Bibie asishtuke.